Gari la umeme kwenye baridi ya -33: wakuu mlioko kwenye theluji, mnaishije na haya magari?

#1 Kijana wa Makete (Edmonton, Kanada)

Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa Makete. Nimekulia kule ambako Julai unaamka unakuta majani meupe na ndoo ya maji imeweka ngozi ya barafu. Kwa hiyo nilipokuja Alberta, watu wakinitisha na baridi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Sasa nimenyooka.

Mwezi wa nane nilinunua gari ya umeme, ya mtumba, ya mwaka 2020. Kampuni sitaji, nisije nikaambiwa naharibia watu biashara. Betri yake ni kilowati-saa 60, pampu ya joto (ile inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kula umeme kidogo) haina, ina hita ya kawaida. Agosti mpaka Oktoba nilikuwa mfalme. Chaji ikijaa kioo kinaniandikia kilomita 410, napita vituo vya mafuta nawapungia mkono.

Wiki hii kipimajoto kimegota kwenye -33 na haya ndiyo yaliyonikuta.

Jumatatu jioni nimetoka nyumbani na 71%. Kazini (nalea wazee, zamu ya usiku) ni kilomita 38. Nimefika na 52%. Kilomita 38 tu, asilimia 19! Nikaiacha nje usiku kucha, maana sina pa kuchomeka. Saa 1 asubuhi natoka, nakuta 46%. Gari ilikuwa imezimwa. Hizo sita kaendesha nani?

Nikapita kituo cha chaji ya haraka. Bango linasema kilowati 50. Gari inapokea 9, ikijitahidi sana 11. Dakika 45 nimepata asilimia 12, na pale wanatoza kwa dakika. Nimelipia kukaa ndani ya gari kama nimepanga chumba.

Jumanne, kwenye taa nyekundu, nimeachia pedali kama nilivyozoea ili ijishike yenyewe. Haikushika. Imeteleza kama sabuni, nimekanyaga breki dakika ya mwisho, nimesimama mita moja nyuma ya basi la wanafunzi.

Leo Jumatano ndiyo kiboko. Natoka kazini, vitasa vya mlango (vile vya kujificha) vimeganda humo humo. Nimegonga, nimepuliza kwa mdomo, msijaribu, nusura mdomo ubaki pale. Nabonyeza funguo, kimya. Programu ya simu inasema gari haipatikani, na saa moja kabla ilikuwa imeniambia betri ina 44%! Nimerudi na teksi, dola 71. Gari iko kule kule kazini.

Betri imekufa? Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na nyie mnaoishi na haya magari huku, mnafanyaje? Natanguliza shukrani, naenda kulala maana leo usiku nina zamu tena.

#2 Bibi Chai

Bila picha hii ni chai ya tangawizi.

#3 Dizeli Damu (Minnesota)

Mkuu, pole ila ulijitakia. Hilo ni redio lenye magurudumu. Uza kabla hujaamka ukakuta limekuwa friji. Mimi nina pikapu ya 2009, nawasha kwa mbali nikiwa nakunywa uji, nikitoka kiti kinachoma makalio. Gari ni moshi, mengine ni vitu vya kuchezea watoto.

#4 Mama Nuru (Minneapolis)

Mdogo wangu pole, na Dizeli Damu usimtishe mtoto wa watu.

Msimu huu wa baridi ni wa nne nikiwa na gari la umeme, na mimi pia ni wa zamu za usiku. Hilo la leo silo betri kubwa. Simu haipati gari, funguo haijibu, kioo hakiwaki na chaji ipo 44%? Hapo imekufa betri ndogo ya volti 12. Karibu kila gari la umeme linayo, kama iliyo kwenye Corolla ya mjomba wako. Ndiyo inayofungua milango, inaamsha kompyuta, inawasha swichi kubwa ya kuruhusu betri ya chini itoe umeme. Ikilala yule mdogo, yule mkubwa anabaki na nguvu zake hana wa kumfungulia mlango.

Chomoa funguo ya chuma iliyojificha ndani ya rimoti, tafuta tundu kwenye kitasa cha dereva (mengine limefunikwa na kifuniko cha plastiki), fungua kwa mkono. Tazama kitabu cha gari pa kubania waya wa kuamshia. Na usimwage maji ya moto popote, si kwenye kioo wala kwenye kitasa. Kwa -33 maji yanaganda kabla hujarudisha birika ndani, na kioo kinaweza kupasuka. Kuna dawa ya kuyeyushia barafu ya kupuliza, iweke kwenye mkoba wako. Siyo ndani ya gari jamani. Niliwahi kuiweka ndani ya gari.

#5 Kijana wa Makete

Dada Nuru, kumbe ina betri mbili? Miezi mitano naendesha sijui! Muuzaji aliniambia "haina oili, haina plagi, haina kitu cha kuharibika."

#6 Fundi wa Oslo

Mleta uzi, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nashika magari haya kila siku huku Norwei, nchi ambayo mwaka 2024 karibu 89% ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Tungekuwa tunaganda barabarani kama anavyosema ndugu wa dizeli, nchi ingekuwa imesimama. Hata hivyo baridi inayaumiza, hilo tusilifiche.

Gari la petroli ni jiko linalotembea. Katika mafuta unayochoma, sehemu kubwa inatoka kama joto na kidogo tu ndicho kinachosukuma tairi. Joto la ndani ya gari unalipata bure kwa sababu lilikuwa linatupwa. Gari la umeme linatupa joto kidogo sana, kwa hiyo joto lazima ulinunue kutoka kwenye betri ileile inayokupeleka kazini. Hita yako isiyo na pampu inaweza kula kilowati 5 au 6 ukiiwasha kwa nguvu asubuhi. Kiti cha kupasha joto kinakula wati kama 70. Piga hesabu mwenyewe.

Chama cha magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2019. Kwenye takribani -7, magari yakiwa na hita inawaka, masafa yalipungua kwa 41%. Hita ikizimwa, 12% tu. Mwizi mkubwa unamwona. Huku kwetu chama cha madereva, NAF, hufanya jaribio kila msimu wa baridi. La 2020 wastani wa upungufu ulikuwa asilimia 18 na ushee, ila kule hakukuwa na -33 yako. Wewe umetumia kama kilowati-saa 11 kwa kilomita 38. Kwa baridi hiyo, bila pampu ya joto, gari likiwa limeanza safari likiwa baridi kama jiwe, hiyo ni kawaida. Hujauziwa mbuzi.

Zile sita za usiku: nyingine zimetumika kweli, maana gari lako huenda linajipasha betri lisigande. Nyingine hazijatoka, zimejificha. Betri ya baridi haiwezi kutoa vyote ilivyo navyo, kompyuta inakuonyesha pungufu. Ikishapata moto unaweza kushangaa zimerudi mbili tatu.

Na kosa lako kubwa la Jumatatu ni saa uliyochaji.

#7 Kijana wa Makete

Fundi usiniache hapo, saa imefanya nini?

#8 Mwalimu wa Kemia (Morogoro)

Ngoja Fundi apumzike, hili nalichukua mimi ingawa theluji nimeiona kwenye kalenda tu.

Mnajua chupa ya mafuta ya nazi. Dar ni maji maji. Peleka Lushoto mwezi wa saba, asubuhi unaigeuza kichwa chini haitoki kitu, unaiweka karibu na jiko. Ndani ya betri mna majimaji yanayobeba ioni za lithiamu (chembe ndogo zenye chaji) kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hayagandi kama nazi, ila yanakuwa mazito, na ioni zinatembea kwa tabu. Kutoa umeme kunakuwa kugumu. Kuingiza ndiyo kugumu zaidi.

Kwa nini kuingiza? Wakati wa kuchaji, ioni zinatakiwa zijipenyeze katikati ya matabaka ya grafiti (kaboni kama ile ya ndani ya penseli). Kukiwa na baridi, hasa chini ya sifuri, zinapenya polepole. Ukizisukuma kwa nguvu zinakosa nafasi, zinarundikana juu ya grafiti na kugeuka utando wa lithiamu ya chuma. Sehemu ya utando huo hairudi tena kazini. Betri inapungua uwezo moja kwa moja, na ukizidisha unaweza hata kuleta shoti ndani. Kwa hiyo kompyuta ya gari, ikiona betri ni baridi, inakaba koo la chaji: bango linasema 50, yenyewe inasema nipe 9 taratibu. Ile siyo hitilafu, ni gari linajiokoa.

Na pedali yako iliyogoma kwenye taa nyekundu ni jambo lilelile. Gari likijishika, mota inageuka jenereta, inachaji betri. Betri imekataa kuchajiwa, basi na kujishika hakuna.

#9 Fundi wa Oslo

Mwalimu, ningekuwa na mwalimu kama wewe nisingefeli kemia pale sekondari ya Lumumba.

Sasa saa. Jumatatu uliendesha kilomita 38, betri ikapata vuguvugu. Wakati ule ndio ungepita kituo cha chaji, kabla ya kuingia zamu. Wewe uliliacha likae saa 12 kwenye -33, ndipo asubuhi ukalipeleka kuchaji likiwa limelala barafu. Chaji unapofika, kabla ya kulala. Magari mengi mapya ukiandika kituo cha chaji kwenye ramani yake yanaanza kupasha betri njiani. La kwako kama halina, mwendo ndio jiko lako.

Kuhusu pedali: angalia kioo cha dereva asubuhi, magari mengi yana alama, vinukta au mstari, inayoonyesha kujishika kumepunguzwa. Ukiiona, mguu uwe tayari kwenye breki. Hata siku ambazo kunafanya kazi vizuri, kwenye barafu tupu punguza nguvu yake, maana kujishika kwa ghafla kunaweza kutelezesha tairi kama umevuta breki ya mkono. Una tairi za baridi? Usiniambie za misimu yote.

#10 Kijana wa Makete

Za misimu yote.

#11 Fundi wa Oslo

Haya.

#12 Dizeli Damu (Minnesota)

Mmemaliza kumfariji? Semeni na ya Chicago, Januari 2024. Magari ya umeme yalipanga foleni kwenye vituo vya chaji mpaka mengine yakazimikia kwenye foleni, yakavutwa. Dunia nzima iliona. Huo mfano wa nazi haukuwepo siku ile?

#13 Mama Nuru (Minneapolis)

Ulikuwepo, ndiyo hasa uliowaponza. Watu walifika vituoni betri ikiwa baridi na imebaki 5%. Kila gari linakaa muda mrefu kuliko kawaida, foleni inarefuka, walioko nyuma wanawasha hita wakisubiri, wanakula kile kidogo kilichobaki. Hata mimi ningelia. Ila wengi waliokuwa wanachaji nyumbani hawakuwa kwenye hiyo foleni. Ndiyo maana namwambia kila Mkenya na Mtanzania anayeniuliza hapa Brooklyn Park: huna pa kuchomeka nyumbani wala kazini, usinunue bado. Ninalipenda langu, na bado nasema hivyo.

Tena Dizeli, hiyo pikapu yako jana si ulikuwa unaomba waya kwenye kundi la kanisa?

#14 Dizeli Damu (Minnesota)

Dada tulikubaliana mambo ya kanisa yabaki kanisani. Dizeli iligeuka jeli kidogo tu kwenye filta.

#15 Bibi Chai

🤣🤣 Nimeweka mkeka, sitoki.

#16 Papa wa Goma (Winnipeg)

Kaka ya Makete, pole sana. Miye niko Winnipeg mwaka wa nane, na gari ya umeme mwaka wa tatu. Pale Edmonton, sawa na huku, parking nyingi ziko na zile soketi za nguzo, za kuchomeka hita ya injini ya petroli. Volti 120. Watu banasema ni ndogo, haisaidie. Batu hao balishaangalia hesabu? Chaja ya mkononi ikivuta ampea 12, ni karibu kilowati 1.4. Saa 12 za zamu yako ni kama kilowati-saa 17. Baridi itakula nusu kwa kupasha betri, sawa, ile nusu ingine inabaki yako. Na la maana zaidi: betri hailale baridi. Hiyo njo dawa.

Lakini chunga vitu viwili. Magari mengine chaja inaanza kwa ampea 8 kila mara, lazima uguse kioo uibadilishe kuwa 12. Miye nilikaa mwezi muzima na 8, nalaumu gari. Na soketi mbili za nguzo moja mara mingi ziko kwenye breka moja. Jirani akichomeka yake, yote inakatika, na wewe unagundua asubuhi. Parking zingine pia ziko na kidude cha kuwasha na kuzima umeme kila baada ya dakika kadhaa kufuatana na baridi, ili kupunguza bili. Uliza mwenye jengo. Omba ruhusa kwanza, usichomeke kimya kimya kama mwizi.

#17 Shemeji Calgary

Nyongeza kwa mtu wa Alberta. Tarehe 13 Januari 2024 jioni, simu zetu zote zililia king'ora: gridi imezidiwa, punguzeni umeme, zimeni visivyo lazima, kuchaji magari kusubiri. Watu walizima na gridi ikasimama. Tangu siku ile nimepanga gari lianze kuchaji saa 5 usiku, limalize karibu na saa ya kutoka. Hapo unapiga ndege wawili: jioni humwongezei mzigo mtu, na asubuhi unatoka na betri yenye vuguvugu la kuchaji. Gari karibu zote zina sehemu ya kuandika saa ya kuondoka. Andika.

#18 Kijana wa Makete

MREJESHO (Jumamosi)

Dada Nuru, nakuvulia kofia. Alhamisi asubuhi nimetoka zamu nikiwa na funguo ya chuma mkononi. Tundu lilikuwa chini ya kitasa, limefunikwa na plastiki yenye theluji, nimelikwangua kwa kadi ya maktaba. Mlango ukalia kraaa, nikaingia. Ndani baridi kuliko nje, naapa. Fundi wa barabarani amekuja na mita, ile betri ndogo inasoma volti 9.8. Ameiamsha, gari ikawaka kama haijawahi kutokea kitu, na betri kubwa iko 43%. Nimekaa nimeitazama ile namba kwa hasira.

Nimenunua nyingine, dola 210 na kodi. Ile ya zamani ilikuwa na tarehe ya kiwandani, ndiyo ileile tangu 2020.

Fundi akaniuliza swali lililoniumbua: "Unafungua programu ya simu mara ngapi?" Wakuu, usiku kucha. Kila mzee mmoja akilala, natazama asilimia. Akasema kila nikifungua naamsha gari, kompyuta zinawaka, betri ndogo inalisha, halafu gari inachelewa kulala tena. Juu ya hapo nina kamera ya kioo cha mbele inayorekodi hata gari ikiwa imezimwa. Yaani mimi na wasiwasi wangu ndio tulioimaliza.

#19 Mama Nuru (Minneapolis)

😄 Umekuwa kama mama anayemwamsha mtoto kila saa kumuuliza kama amelala.

Betri ndogo ya risasi kwenye -18 nguvu zake zinashuka karibu nusu, ukiongeza miaka mitano na kamera hapo hapana. Na mkumbushe yeyote: ikiwa imeisha kabisa inaweza kuganda hata kwenye -10. Ikiganda usiichaji, inaweza kupasuka. Toa, peleka.

Sasa nikueleze nguo, maana wanaume hamliongelei hili. Mimi natia joto ndani ya gari dakika 20 kabla ya kutoka, likiwa bado limechomekwa. Halafu njiani hita naishusha mpaka 17 au 18, nawasha kiti na usukani. Joto la usukani kwenye vidole ni la maana kuliko hewa ya moto usoni. Usizime hita kabisa kama vijana wa mtandaoni wanavyoshauri: pumzi yako itafanya ukungu kwenye vioo na ukungu utaganda kwa ndani. Nimekwangua kioo kwa ndani huku naendesha, sirudii.

Na blanketi, koleo dogo na mshumaa ndani ya buti. Ukinaswa kwenye theluji na 50%, usihofu. Kubaki na joto ukiwa umesimama kunakula kama kilowati 2 hivi, tena kwenye baridi kali, piga hesabu kwa kilowati-saa 30 ulizobakiza. Na gari la umeme halina moshi. La petroli bomba likizibwa na theluji hewa ya sumu inaingia ndani, na watu wamekufa hivyo wakiwa wamelala.

#20 Dizeli Damu (Minnesota)

Hilo la bomba ni kweli, sibishi. Mimi hutoka kulifukua kwanza.

#21 Jirani wa Malmö

Upepo wa tairi pia jamani, hakuna aliyeutaja. Kila nyuzi 5 au 6 za joto zikishuka, presha inashuka kama psi 1. Toka Agosti ya nyuzi 20 mpaka -33, tairi ya mleta uzi imepoteza psi 9. Anaburuta mkeka.

#22 Kijana wa Makete

Jirani nimekwenda kupima baada ya kusoma hapa. Zilitakiwa 38. Zilikuwa 29, 28, 30, 29. Nimeaibika.

#23 Bibi Chai

Picha ya geji tafadhali.

#24 Kijana wa Makete

MREJESHO WA PILI (wiki mbili baadaye)

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya majaribio, sikutaka kuleta maneno matupu.

Tairi za baridi nimefunga, za mkopo, tusiongelee bei. Kazini nilikwenda kwa msimamizi wangu, mama mmoja wa Kifilipino, nikamweleza. Kumbe ile nguzo yenye soketi nyuma ya jiko ni ya magari ya mchana, usiku imekaa bure. Akasema chomeka, ila gari la chakula likija saa 12 asubuhi uwe umehama. Nikimaliza kuwageuza wazee wa alfajiri nashuka kuhamisha gari. Kebo kwenye baridi ile inakuwa ngumu kama muwa, naizungusha mkononi haikunjiki, naitupa kwenye buti ikiwa imesimama.

Papa wa Goma, ile ya ampea 8 ulinijua. Ilikuwa 8.

Juzi kulikuwa -26. Nimetoka nyumbani na 80%, nimepasha gari dakika 20 kabla, hita 18, kiti juu. Nimefika na 66%. Asilimia 14 badala ya 19, japo baridi yenyewe ilikuwa imepungua nyuzi saba, tusiipe gari sifa zote. Nimechomeka kwa muda wa saa 12 kasoro, asubuhi nakuta 79%. Pedali inajishika nusu, si kama Agosti lakini ipo. Nimefika nyumbani na 65 na sijapita kituo chochote. Kituo cha kulipa kwa dakika sijakanyaga tangu ile Jumanne asubuhi.

Programu ya simu naifungua mara moja. Sawa, mara mbili.

Kinachobaki ni vitasa. Nimepaka silikoni kwenye mipira ya milango kama alivyosema Fundi inboksi, mlango haulii tena kraa. Vitasa bado vinaganda kukiwa na mvua ya barafu. Mwenye dawa aseme.

#25 Fundi wa Oslo

Piga kwa ngumi ya kando, upande wa mbele wa kitasa, si katikati. Barafu inavunjika, kinachomoka. Hiyo ndiyo teknolojia yetu sote huku.

#26 Mtu wa Ngong Road (Nairobi)

Wasee, nimefuata huu uzi kutoka mwanzo na huku hakuna theluji, nimevaa tu sweta. Swali langu liko kando kidogo. Kuna Nissan Leaf ya 2019 nimeiona kwa mnada Japani, kilowati-saa 40, bei poa sana, lakini iko Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji. Baada ya kusoma haya yote naogopa. Hiyo betri si imekufa na baridi?

#27 Fundi wa Oslo

Hapana ndugu, umeigeuza. Baridi inapunguza masafa ya siku ile, joto likirudi na masafa yanarudi. Kinachozeesha betri zaidi ni joto, hasa joto pamoja na kukaa imejaa muda mrefu. Leaf betri yake haina mzunguko wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu, kwa hiyo iliyokulia Hokkaido mara nyingi betri yake ni kijana kuliko iliyokulia Okinawa, kusini kwenye joto. Hata hita ya kulinda betri inajiwasha tu karibu na -17. Nairobi hutaiona ikifanya kazi maisha yako yote. Angalia vijiti vya uwezo pembeni ya kipimo cha chaji, vikamilifu ni 12. Na uliza mapema ni wapi Nairobi pana chaja ya haraka ya CHAdeMO, maana Leaf inatumia hiyo.

Wewe ogopa chumvi. Kule wanamwaga dawa ya kuyeyusha barafu barabarani miezi mingi, inakula chuma cha chini: mikono ya suspensheni, mabomba ya breki, boliti za kushikilia sanduku la betri. Diski za breki nazo, kwa sababu gari la umeme halizitumii sana, zinashika kutu zaidi.

#28 Mwalimu wa Kemia (Morogoro)

Na kutu haiishii bandarini. Ikifika Mombasa inakutana na hewa ya bahari, wanaendelea na mazungumzo.

#29 Mtu wa Ngong Road (Nairobi)

Sawa kabisa. Picha za mnada zote wamepiga kwa juu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Wacha nimwambie ajenti alale chini apige za uvungu kabla ya Ijumaa.

#30 Bibi Chai

Hatimaye mtu anaomba picha.